UZI: PT-76, kifaru cha Kisovieti kilichoogelea. Kilikuwa na uwezo gani hasa vitani?

Mwana Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekulia Pangani. Ng'ambo ya mto kuna Bweni, na katikati ni pantoni. Pantoni ikiwa upande wa pili, unasubiri: mgonjwa anasubiri, lori la nazi linasubiri, bwana harusi na ngoma yake anasubiri. Kwa hiyo tangu utoto najua kwamba mto usio na daraja ndio unaopanga saa, si wewe. Siku niliyoona kwa mara ya kwanza picha ya kifaru kikishuka mtoni chenyewe, kisha kikapanda ng'ambo huku maji yakichuruzika kwenye minyororo, niliitazama muda mrefu. Tangu hapo nimekuwa nikikifuatilia.

Kifaru chenyewe ni PT-76 cha Umoja wa Kisovieti. P na T ni kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya kifaru kinachoelea, na 76 ni kipenyo cha mzinga wake kwa milimita. Kilikuwa kifaru chepesi cha upelelezi, watu watatu ndani, tani 14 hivi.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila kinapotajwa mitandaoni watu wanagawanyika. Kuna wanaokisifu kama mashine ya ajabu, na kuna wanaokiita bati tupu. Wote naona wanakipima kwa pishi isiyo yake. PT-76 ni chombo cha majini kilichopewa mzinga na minyororo, na waliokitumia hivyo walishinda. Waliokipeleka kupambana ana kwa ana na vifaru vikubwa waliwazika vijana wao. Hilo ndilo nataka tulichambue kwa matukio.

KILIKOTOKA

Warusi walianza kutafuta kitu cha namna hii mapema. Miaka ya 1930 walikuwa na T-37A na T-38, baadaye T-40. Vilikuwa vidogo, vya watu wawili, silaha yao rashasha tu. Vilielea kweli, ila vikifika ng'ambo havikuwa na cha kumfanya adui mwenye mzinga.

Kisha ikaja vita kuu. Mwaka 1943 Jeshi Jekundu lilifika kwenye mto Dnieper, na askari wa kwanza walivuka kwa mitumbwi ya wavuvi, magogo yaliyofungwa pamoja, mapipa, chochote kinachoelea. Vifaru vilibaki nyuma vikisubiri pantoni. Fikiria hali ya kijana aliyefika ng'ambo usiku na bunduki yake, alfajiri anasikia vifaru vya Wajerumani vinakuja, na vya kwake anaviona kwa macho upande wa pili wa maji. Walikufa wengi sana pale. Jeshi lililopita hapo halisahau, na ukitazama ramani ya Ulaya unaona mbele yao kulikuwa bado na Oder, Elbe, Weser na Rhine.

Mwaka 1949 kazi ikaanza kwa uzito, Leningrad na Chelyabinsk, chini ya Josef Kotin, yule yule aliyeongoza usanifu wa vifaru vizito vya KV na IS. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu wa vifaru vizito ndiye aliyesimamia kifaru hiki chepesi. Mfano wa majaribio uliitwa Obiekti 740. Tarehe 6 Agosti 1952 kikapokelewa rasmi jeshini, na kiwanda cha matrekta cha Stalingrad, kilichopiganiwa ukuta kwa ukuta mwaka 1942, ndicho kilichokitoa.

KUELEA KUNADAI MALIPO

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitu chenye tani 14 hakielei mpaka kisukume pembeni tani 14 za maji, yaani lita 14,000. Panga matangi 14 ya lita 1,000, yale meusi ya majumbani, halafu jenga boksi la chuma litakalochukua nafasi hiyo na bado libaki na ukingo juu ya maji. Ndiyo maana bodi ya PT-76 ina urefu wa karibu mita 7 na upana wa mita 3.15. T-54, kifaru cha kati cha wakati huohuo, kilikuwa na tani 36, na bodi yake ni fupi kuliko ya PT-76! Chukua bodi kubwa kuliko ya T-54, ipe uzito usiofika nusu. Chuma kitatoka wapi?

Hakitoki. Deraya yake (chuma cha kinga) nene kuliko zote, mbele ya mnara wa mzinga, ni kama milimita 15 tu, na ubavuni ni nyembamba zaidi. Risasi ya bunduki haipiti, na vipande vya makombora yanayolipuka jirani vinazuiwa. Lakini rashasha kubwa ya milimita 12.7 ikikupata ubavuni kwa karibu, inapita. Na huwezi kuongeza mabamba, kwa sababu kila kilo unayoongeza inakuzamisha. Waliokisanifu walilijua hilo tangu siku ya kwanza, wakalikubali.

Wakapata nini? Walipata kifaru kisichohitaji maandalizi. Dereva anainua ubao wa mbele unaokata mawimbi, anawasha pampu za kutoa maji, anaingia. Linganisha na vifaru vya Kimarekani vya Sherman, zile zilizoshushwa baharini pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944 zikiwa zimevishwa turubai ili zielee. Mbele ya ufuko wa Omaha batalioni moja ya Kimarekani ilishusha 29, zikazama 27. Turubai likichanika, kwisha. PT-76 inaelea kwa bodi lake lenyewe, kama jahazi.

Nitaendelea na mapigano yenyewe. Karibuni kwanza kwa maswali.

---

Fundi Dizeli

Mkuu, heshima kwako. Mimi ni mtu wa injini. Naomba utueleze ilikuwa injini gani, na majini kinakata kona vipi? Sioni usukani wala pangaboi kwenye picha.

Mwana Pangani

Fundi, swali lako ni tamu. Injini inaitwa V-6, dizeli, silinda sita kwa mstari mmoja, nguvu za farasi 240. Unaijua ile V-2 ya silinda 12 iliyosukuma T-34? Hii ni kama safu moja ya V-2 iliyokatwa pembeni. Kwa hiyo jeshi lilikuwa na mafundi na vipuri vinavyofahamiana. Barabarani inafika kilomita 44 kwa saa.

Pangaboi haina. Chini ya bodi kuna matundu mawili yanayovuta maji, na maji hayo yanasukumwa kwa nguvu kutokea kwenye tezi (nyuma ya chombo), kulia na kushoto. Kila tundu la nyuma lina kifuniko chake. Ukifunga cha kulia, msukumo unabaki kushoto, chombo kinageukia kulia. Ukifunga vyote viwili, maji yanaelekezwa kwenye matundu ya ubavuni yanayotazama mbele, nacho kinarudi nyuma. Mwendo wa majini ni kilomita 10.2 kwa saa.

Faida kubwa ni kwamba hakuna kitu kinachoning'inia nyuma kugonga mwamba au kunasa kwenye matete. Unaingia mtoni kwa minyororo, maji yanakubeba, jeti zinachukua kazi, ukigusa chini upande wa pili minyororo inashika tena. Na maji yakijaa ngamani, pampu za injini zinayatoa. Injini ikizima, kuna pampu ya mkono, nawe unakumba maji kama baharia yeyote.

Fundi Dizeli

Nimekupata vizuri sana. Nusu ya V-2! Hapo nimeelewa kwa nini nchi nyingi ziliweza kukitunza.

---

Mzee wa Kyaka

Vijana, nimesoma kwa makini. Majeshi ya Amin yalipolivunja daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba 1978, sisi wa kando ya Kagera tuliona jinsi mto mmoja unavyoweza kulisimamisha jeshi zima mpaka litengeneze njia ya kuvukia. Nakuuliza mwanangu: kifaru hiki kingevuka pale?

Mwana Pangani

Shikamoo mzee. Asante kwa kuja na mto halisi.

Kuelea katikati ya maji siyo shida yake. Shida ni kingo. Kifaru kinachotoka majini kiko katika hali mbaya kuliko zote: tezi bado inaelea, minyororo ya mbele inatafuta ardhi, uso unatazama juu, na tumbo lake jembamba linamtazama adui. Ukingo ukiwa wa udongo mlaini au umesimama kama ukuta, kitaparapara pale mpaka kipigwe. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mpelelezi ni kutafuta pa kutokea kabla ya kutafuta pa kuingilia. Kuna na mkondo. Hizo kilomita 10.2 kwa saa ni chini kidogo ya mita 3 kwa sekunde. Mto unaokimbia mita 2 kwa sekunde utakupeleka mbali sana na pale ulipopanga kutua. Kwa hiyo mzee, bila kuziona kingo za siku ile siwezi kukujibu ndiyo wala hapana.

Ila ninalolijua ni hili: hata kama kingevuka, kisingechukua nafasi ya daraja. Mchele, risasi, mafuta, vifaru vizito, majeruhi wanaorudi, vyote vinahitaji daraja. PT-76 inavuka ili ng'ambo iwe mikononi mwako wakati wahandisi wanajenga. Wale vijana wa Dnieper ndicho walichokosa: mzinga mmoja tu wa kwao upande ule, asubuhi ile.

Mzee wa Kyaka

Marahaba. Umejibu kama mtu aliyewahi kuvuka mto. Endelea.

---

Mwana Pangani

MWENDELEZO: LANG VEI, FEBRUARI 1968

Vietnam Kusini, karibu kabisa na mpaka wa Laos, kulikuwa na kambi ya makomandoo wa Marekani inaitwa Lang Vei. Wamarekani 24 na mamia ya wapiganaji wa kienyeji. Jirani yao ni kambi kubwa ya Khe Sanh iliyokuwa imezingirwa.

Wiki mbili kabla, ng'ambo ya mpaka, batalioni ya jeshi la Laos ilivamiwa, na waliokimbia walifika wakisema wameona vifaru. Wengi hawakutaka kuamini. Vietnam Kaskazini haikuwa imewahi kutumia vifaru kusini, na nchi ile ni milima, misitu na mito. Kifaru kitapita wapi? Lakini PT-76 ina shinikizo la karibu nusu kilo tu kwa sentimita ya mraba ya ardhi, inapita kwenye tope ambalo kifaru cha tani 45 kingezama mpaka mnarani. Na mto Sepon, ambao kwa kifaru kingine ni ukuta, kwake ni njia.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Februari vikatokea kwenye mwanga wa fataki, vikipita juu ya seng'enge. Zaidi ya 10 kwa jumla, vya batalioni ya 198, na askari wa miguu wakivifuata. Wamarekani walikuwa na mizinga ya milimita 106 na roketi za begani za M72. Mizinga ile iliteketeza kadhaa kabla ya kuzimwa. Roketi za begani ziliwaangusha: nyingine hazikufyatuka, nyingine hazikulipuka, nyingine ziligonga kifaru kikaendelea kuja. Mpaka alfajiri vifaru vilikuwa vimeegeshwa juu ya handaki la makao makuu ya kambi, na waliokuwa chini walisikia minyororo ikisaga juu ya vichwa vyao.

Kambi ikaanguka. Sajenti Eugene Ashley aliongoza mashambulizi matano kutoka nje ili kuwafungulia njia wenzake waliokwama handakini, akauawa, na baadaye akapewa nishani ya juu kabisa ya Marekani. Nimemtaja kwa sababu ushujaa ulikuwepo pande zote mbili. Hao waliokuwa ndani ya PT-76 walivuka usiku na deraya ya milimita 15 wakijua mizinga ya 106 inawangoja.

Tazama lakini kifaru kilitumika vipi. Usiku, mahali ambapo adui hakutarajia kifaru, pamoja na askari wa miguu, dhidi ya kambi isiyo na vifaru. Pale mzinga wa 76 ulikuwa mfalme.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa tarehe 3 Machi 1969, kwenye kambi ya Ben Het, PT-76 zilikutana na M48 za Marekani. M48 ni tani 45 na zaidi, mzinga wa milimita 90. PT-76 moja ilikanyaga bomu la ardhini, mwali wake ukawaumbua wengine. Walipiga M48 moja kwa kombora la mlipuko, wakaua Wamarekani wawili, kisha wakapigwa. Asubuhi zilikutwa PT-76 mbili na gari moja la kubebea askari, BTR-50, zimeungua. Huo ndio mfano wangu wa kifaru kile kile, jeshi lile lile, kazi tofauti.

---

Chuma Cha Pua

Mleta mada, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Lang Vei walishinda kwa sababu roketi za M72 ziligoma. Zingefanya kazi, leo tungekuwa tunazungumzia makaburi 11. Kifaru kinachotobolewa na rashasha ni jeneza, hata ukilipamba. Wangeweka mabamba kidogo zaidi, waachane na habari za kuogelea.

Mwana Pangani

Mkuu Chuma, hoja yako ina uzito na sehemu yake ya kwanza naikubali: M72 zingefanya kazi, hesabu ya vifaru ingekuwa nyingine. Mizinga ya 106 ilionyesha hivyo usiku uleule.

Sehemu ya pili ndiyo naikataa. Ukiachana na kuogelea unapata kifaru chepesi cha kawaida, na hicho kisingefika Lang Vei wala kwingine nitakakotaja. Halafu "mabamba kidogo" hayasaidii. Kutoka milimita 15 kwenda 30 unaizuia rashasha kubwa, lakini mzinga wa 90 au roketi ya begani inapita kote kuwili bila kujali. Umelipa tani kadhaa, umepoteza mto, na adui yuleyule bado anakuua.

Kasoro ninazokilaumu mimi ni nyingine. Ya kwanza ni mnara wa watu wawili. Kamanda ndiye mlengaji. Anayetakiwa kutazama uwanja mzima ndiye ameweka jicho kwenye darubini ya kulengea, na redio ni yake pia. Kwa kifaru cha upelelezi, ambacho macho ndiyo silaha yake ya kwanza, hilo ni kosa la msingi. Ya pili ni mzinga. D-56T unapiga takriban kama mizinga ya 76 ya T-34 za mwanzo. Mwaka 1952 ulikuwa tayari mzee. Walileta baadaye risasi zenye baruti ya umbo la koni zinazotoboa zaidi, lakini ndani kuna nafasi ya makombora 40 tu ya aina zote. Toleo la kwanza pia halikuwa na kitulizi cha mzinga (kifaa kinachouzuia mzinga usiyumbe), kwa hiyo kupiga ukiwa juu ya maji ilikuwa kama kutunga uzi kwenye sindano ndani ya ngalawa. PT-76B ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ndiyo iliyoletewa kitulizi cha pande mbili, pamoja na kinga ya mionzi na sumu.

Chuma Cha Pua

Hilo la kamanda kuwa mlengaji sikuwa nalijua. Hapo umenipa cha kufikiria.

---

Mwana Pangani

GARIBPUR, NOVEMBA 1971

Sasa tuende Bengali ya Mashariki, wakati huo sehemu ya Pakistan, leo ni Bangladesh. Nchi ya mito, vinamasi na mashamba ya mpunga. India ilikuwa imenunua PT-76 kutoka Moscow tangu 1965, na pale ndipo zilipofika nyumbani kwao.

Wanajeshi wa India walikipa jina la Pippa, lile debe la samli. Debe tupu likifungwa mdomo linaelea. Sisi tuliokua na madebe ya samli na mafuta ya taa nyumbani jina hili halihitaji tafsiri.

Tarehe 21 Novemba 1971, kabla vita haijatangazwa rasmi, batalioni ya 14 Punjab pamoja na skwadroni ya PT-76 14 za 45 Cavalry walikuwa wameingia na kushika eneo la Garibpur, upande wa Jessore. Alfajiri, ukungu umetanda, Wapakistani wakashambulia kwa vifaru vyao vya M24 Chaffee, 14 pia.

Chaffee ni kifaru chepesi cha Kimarekani cha vita kuu ya pili. Mzinga wa 75, deraya nene kuliko ya PT-76, ingawa mbele ya bodi haizidi milimita 25 hivi. Mnaona? Kwa mara moja PT-76 ilikutana na mtu wa saizi yake. Mzinga wa 76 ulikuwa na uwezo wote wa kuua Chaffee, na Wahindi walikuwa wametulia mahali walipopachagua, vifaru vimejificha, mizinga ya askari wa miguu imepangwa, wakati mwenzao anatembea kwenye ukungu bila kuona. Mpaka ukungu unainuka, skwadroni ya Pakistani ilikuwa imekwisha karibu yote. India ilipoteza vifaru vichache.

Meja Daljit Singh Narag, aliyeongoza skwadroni ile, aliuawa pale pale akiwa anaendesha mapigano, na akapewa nishani ya Maha Vir Chakra baada ya kifo chake. Kila nikisoma habari zake nafikiria ule mnara wa watu wawili. Ana vifaru 14 vya kuongoza katika ukungu, ana mzinga wa kwake wa kulenga, ana redio. Kifaru kilimdai mtu mmoja kazi za watatu, naye akazifanya.

Ushindi wa Garibpur haukutoka kwenye kuogelea moja kwa moja. Ulitoka kwenye ukweli kwamba jeshi la India liliweza kuwa na vifaru katika nchi ile kabisa. Chombo chepesi kilifika, kikachimbiwa, kikasubiri.

Misri, Oktoba 1973, nitaieleza kwa ufupi. Wakati jeshi kubwa likibomoa kuta za mchanga za mfereji wa Suez kwa pampu za maji na kutandika madaraja, brigedi ya 130 ilivuka Ziwa Kuu la Uchungu kwa PT-76 na BTR-50, bila daraja lolote. Kuvuka kulienda vizuri sana. Kisha wakatoka kwenye maji wakaingia jangwani, peupe, mbele ya vifaru vya Israeli. Jangwani hakuna matete wala ukungu, na milimita 15 ni milimita 15. Waliumia. Cha kushangaza, Waisraeli nao walikuwa na PT-76 walizoteka mwaka 1967, wakaunda kikosi kizima nazo, maana mto ni mto hata kwa adui yako.

---

Baharia wa Mtwara

Mkuu, nimewahi kuona kwenye gwaride JWTZ likiwa na kifaru chenye sura hii hii, bodi refu la pua kali kama mashua. Ndicho hiki?

Mwana Pangani

Baharia, uliyoiona bila shaka ni Type 63A ya Wachina. Ni ukoo mmoja. China ilichukua wazo la PT-76, ikapanua bodi, ikaweka injini yenye nguvu zaidi, mnara wa watu watatu na mzinga wa milimita 85, ikaiita Type 63. Yaani Wachina walizigusa kasoro zile zile mbili nilizomwambia mkuu Chuma: macho ya kamanda na udogo wa mzinga. Type 63A ni toleo la baadaye lenye mzinga wa 105 na uwezo zaidi wa baharini. Kwa nchi yenye pwani ndefu, visiwa na maziwa makubwa kama yetu, naona ni chaguo linaloeleweka.

Ukoo wa Kirusi nao ni mkubwa. Gari la kubebea askari la BTR-50 ni bodi lile lile bila mnara. Kizinduzi cha roketi za Luna kilikaa juu ya bodi hilo, na Shilka ya mitutu minne ya kutungulia ndege ilitokana na ukoo huohuo. Indonesia mpaka leo askari wake wa majini wanazo PT-76, nyingine zimebadilishiwa mzinga ukawa wa 90 na injini mpya. Kwao Urusi yenyewe kazi ya upelelezi ilichukuliwa polepole na magari ya kivita ya BRDM-2 na BMP-1, ingawa askari wa wizara ya mambo ya ndani walizipeleka Chechnya miaka ya 1990, na kwenye mitaa ya mji huko ni mahali ambapo mimi nisingempeleka mtu ndani yake.

---

Nuru ya Asubuhi

Kaka Pangani, mimi si mtu wa silaha, nimefuata uzi kwa sababu ya namna unavyosimulia. Nilikuwa nataka kuuliza kuhusu hao watu watatu. Wakiwa katikati ya maji, wamefungiwa ndani ya chuma, wanaona nini? Na kikianza kuzama wanatokea wapi?

Mwana Pangani

Dada Nuru, asante, hakuna aliyeuliza hilo.

Walio mnarani ni wawili: kamanda kushoto, mpakiaji kulia. Juu yao kuna mfuniko mmoja mkubwa wa duara dufu, unaofunguka kuelekea mbele. Adui akiwa mbali, wanavuka mfuniko ukiwa wazi na kamanda kichwa nje, kama nahodha. Maji yakiingia kwa wingi, wote wawili wanatokea hapo kwa pamoja, na ukubwa wa mfuniko huo umeokoa watu. Wakiwa chini ya moto mfuniko unafungwa, na wanabaki na vioo vidogo vya darubini.

Dereva ndiye yuko peke yake. Anakaa mbele kabisa, katikati, chini ya mzinga. Ana darubini tatu. Ule ubao wa kukata mawimbi ukiinuliwa unamziba macho yote, kwa hiyo darubini ya katikati ilitengenezwa iweze kupandishwa juu, ili aone kwa kupitia juu ya ubao. Kuanzia hapo mto mzima anauona kwa upenyo mmoja unaotoshea kiganja. Mfuniko wake uko juu ya kichwa chake, lakini majini haufungui, kwa sababu uko karibu sana na mkondo na maji yangemwagikia ndani kwanza kabla yeye hajatoka. Kikizama, njia yake salama ni kurudi nyuma kupitia chini ya mnara, awafuate wenzake wawili juu.

Kwa hiyo dereva anavuka akisikiliza. Anasikia pampu kama bado zinavuta maji au zimeanza kuvuta hewa, anasikia injini, anasikia sauti ya kamanda kwenye kofia ikimwambia kulia kidogo, kushoto kidogo. Halafu anasikia minyororo ikigusa mchanga.